Mkono wa Tela: Cha Kutengeneza na Cha Kununua

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: Land Cruiser pikapu yenye chasisi ya ngazi, tela la boti la ekseli mbili, na katikati yake pengo la kuzibwa kwa chuma. Boti ni ya faiba, ya kuvulia siku za mapumziko. Ikishapakiwa injini, mafuta na barafu, pamoja na tela lake inakaribia tani 2.5. Gari limenyanyuliwa springi na tela limekaa chini, kwa hiyo mkono wa kuvutia ulipaswa kushuka milimita 150 kabla ya kukutana na kikombe cha tela.

Maduka ya vipuri Kariakoo yanauza mikono iliyo tayari. Anayetengeneza wake nyumbani Upanga hafanyi hivyo kuokoa fedha, maana ukijumlisha rodi, mawe ya grenda na nauli ya kirikuu, akiba yote imekwisha. Anafanya kwa sababu anapenda chuma. Mimi ni mmoja wao. Hata hivyo uamuzi bora katika kazi hii haukuwa wa kutengeneza bali wa kununua, na nitaufikia baada ya hesabu, kwa sababu ndizo zilizouleta.

Kanuni namba 55 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu viunganishi vya magari na matela, inatumia kipimo kiitwacho D. Unazidisha uzito wa gari kwa uzito wa tela, unagawanya kwa jumla ya hizo mbili, kisha unazidisha kwa 9.81. Gari lililojaa tukilipa tani 3.3 na tela tani 2.5, jibu ni kilonyutoni 14 kasoro kidogo. Ni sawa na uzito wa tani 1.4, ila umelazwa, unavuta na kusukuma kwa mlalo. Nguvu ya pili ni ya wima. Desturi ya Marekani ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikalie tufe, yaani ule mpira wa chuma wa mwisho wa mkono unaoingia kwenye kikombe cha tela. Nikachukua 10, yaani kilo 250, kisha nikazidisha kwa 3 kwa ajili ya mashimo. Hiyo 3 haikutoka kwenye kitabu, imetoka kwenye barabara za kuingilia ufukweni Kunduchi. Sasa tuna kilonyutoni 7.4 zinazosukuma chini, na kutoka kwenye tufe hadi mdomo wa ala, yaani lile bomba la mraba linalopokea mkono, ni milimita 250. Momenti ya kuukunja mkono hapo mdomoni ni kilonyutoni-mita 1.84.

Watu wengi huishia hapo, wakaongeza unene wa chuma, wakalala usingizi. Kuna jambo limejificha kwenye ule mshuko wa milimita 150. Gari linapoondoka, tela linalivuta tufe kwenda nyuma, na kwa kuwa tufe liko chini ya mkono, mvuto huo unajaribu kuukunja mkono kwenda juu. Uzito wa wima unaukunja kwenda chini. Hizo mbili zinapunguzana, na mkono unapumua. Ukikanyaga breki mambo yanageuka: tela linasukuma mbele, na msukumo huo unaungana na uzito wa wima. Kilonyutoni 14 mara mita 0.15 ni 2.1, ukijumlisha na ile 1.84 unakaribia 4. Kwa mkono unaoshuka, basi, adui ni breki na wala si kilima. Tela lenyewe likiwa halina breki zinazofanya kazi ndiyo balaa zaidi, na breki za matela ya boti hufa mapema kwa sababu kila safari zinazamishwa kwenye maji ya chumvi. Ulaya hawaruhusu tela lisilo na breki kuzidi kilo 750. Hesabu hii ilinipeleka kwanza kwenye breki za tela, kabla sijakata hata kipande kimoja cha mkono.

Mkono nilioufikiria ni nondo nene ya mraba, milimita 50 kwa 50, chuma laini cha kawaida. Momenti ya 4 inaleta humo mkazo wa karibu megapaskali 190. Chuma laini huanza kukubali kukunjika moja kwa moja karibu na 240 hivi. Pengo lililobaki si kubwa, lakini kumbuka nguvu za wima zilishazidishwa mara 3.

Ala inastaajabisha zaidi. Bomba la mraba la inchi 2 na nusu kwa nje na inchi 2 kwa ndani, lenye kuta za robo inchi, lina chuma kidogo kuliko nondo ya inchi 2 inayoingia ndani yake. Kwa kukadiria ni asilimia 56 tu ya chuma hicho. Lakini kwa kukunjwa, bomba hilo lina nguvu zaidi kwa asilimia 15. Chuma kilichoko katikati ya nondo kinabebwa tu, kazi hakifanyi, na kinachozuia kukunjika ni kile kilicho mbali na katikati, juu na chini. Fundi anayekusifia mkono kwa kuugonga na kusema umejaa ndani anakusifia uzito.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya pini, ile inayoufunga mkono ndani ya ala, ipite ubavuni. Tundu la milimita 16 likitobolewa kutoka ubavu hadi ubavu, linakula chuma cha katikati, na nondo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake. Tundu hilohilo likitobolewa kutoka juu kwenda chini, linakata mahali penye kazi, na karibu theluthi ya nguvu inaondoka. Nimeona mikono iliyotobolewa juu-chini ili pini isidondoke hata kama klipu imepotea. Klipu mpya bei yake ni ndogo kuliko soda.

Pini yenyewe ndiyo kila mtu anaihofia, na haistahili hofu hiyo. Inakatwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, kulia na kushoto. Hata ikiwa ya chuma laini, inahitaji zaidi ya kilonyutoni 90 kukatika, na sisi tuna 14.

Upanga si mtaa wa karakana. Makao makuu ya SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, yako hapahapa Upanga, na DIT, iliyoanza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi, ipo ukingoni, Morogoro Road inapokutana na Bibi Titi. Lakini kelele za chuma zenyewe ziko upande wa pili, Gerezani, walipo mafundi wa ushirika wa DASICO na wenzao wasiohesabika. Nyumbani nina banda la uani, jiliwa, na mashine ndogo ya mezani ya kukerezea inayokubali umeme wa LUKU bila kuzima friji. Kukata mabamba ya milimita 10, kutoboa kwa drili ya kusimama na kuchomelea vilifanyika Gerezani. Kukereza vitu vidogo, kupima na kufunga vilifanyika Upanga, mchana, kwa kuwa jirani wa ghorofa ya pili anafanya kazi Muhimbili zamu za usiku, na kulala kwake asubuhi kunaheshimiwa.

Gerezani kazi ya kwanza si kukata, ni kujua umeshika nini. Chuma kinachouzwa kwa kilo hakina cheti. Fundi mmoja alinionyesha kipande cha shafti ya ekseli ya lori, kizuri kwelikweli, kimenyooka, akasema, "Mzee, hii chukua. Hii haivunjiki, imebeba tani thelathini." Nikamwomba akiguse na grenda. Cheche za chuma laini huwa ndefu, zimenyooka, hazina matawi mengi. Chuma chenye kaboni nyingi hurusha cheche zinazopasuka mwishoni kama fataki, na chuma cha kalibu hutoa cheche fupi, nyekundu, zinazozima karibu. Zile za shafti zilipasuka. Nikachukua tupa nikapitisha juu yake, ikateleza bila kuuma, maana ngozi ya shafti za namna hiyo imekomazwa kwa moto ili iwe ngumu.

Alisema kweli, haivunjiki kirahisi, mradi imebaki shafti. Ukiichomelea, joto linapita kisha chuma baridi cha pembeni kinalifyonza upesi, na ule ukanda ulio kando ya mchomeleo unageuka mgumu, dhaifu kwa kishindo. Ufa huanzia hapo, wakati mwingine kabla hata fundi hajavua miwani. Kuna namna ya kuchomelea chuma cha aina hiyo, kwa kukipasha moto kwanza na kukipoza taratibu, lakini huifanyi barabarani na upepo wa Gerezani. Nikaacha shafti, nikachukua nondo ya mraba iliyotoa cheche ndefu na kukubali tupa.

"Hiyo laini, mzee," akasema fundi, kwa huruma.

"Ndiyo ninayoitaka."

Ala ya inchi 2 na nusu yenye kuta nene haikupatikana. Mabomba ya mraba yaliyokuwepo yalikuwa ya madirisha na mageti, kuta za milimita 2 au 3. Ikabidi ala itengenezwe kwa engo mbili za milimita 6 zikitazamana, zikichomelewa kwenye kona mbili. Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika, kwa sababu mchomeleo ukipoa husinyaa na kuvuta. Ala iliyokuwa ya mraba inakuwa kama mraba, na mkono uliokuwa ukiingia asubuhi jioni hauingii. Dawa yake ni kuchomelea ukiwa umeiweka ile nondo yenyewe ndani, imezungushiwa bati jembamba la nusu milimita. Bati linatunza nafasi. Engo zinabanwa kwa jiliwa za mkono, zinashikizwa kwa nukta fupi huku na huku, kisha zinachomelewa vipande vifupi, kona hii, kona ile, zikipumzishwa katikati. Ukimaliza unagonga nondo itoke, na bati linabaki ndani limekunjamana, unalivuta kwa koleo. Nafasi iliyobaki inatosha rangi na inatosha kutu kidogo.

Rodi zilizua mjadala. Mafundi wengi wanatumia 6013, inayowaka kirahisi hata kwenye mashine ya kienyeji iliyosukwa kwa nyaya za shaba. Nilitaka 7018 kwa sababu mchomeleo wake unavumilia kishindo vizuri zaidi. Lakini 7018 ina masharti mawili. Inataka mashine inayotoa umeme tulivu, la sivyo inanata; na haitaki unyevu hata kidogo, maana maji kwenye ganda lake yanaingiza haidrojeni kwenye chuma na haidrojeni huleta nyufa. Pakiti ikishafunguliwa rodi zinatakiwa zikae kwenye joto la nyuzi mia na zaidi. Dar es Salaam, hewa ya mwezi wa nne inalowesha hata chumvi mezani, sembuse rodi iliyokaa wazi dukani. Tulipata mashine ndogo ya inveta, rodi zikatoka kwenye pakiti ambayo ilikuwa haijafunguliwa, na zile zilizobaki wakapewa mafundi kwa kazi za mageti. Kama hali hizo zisingepatikana, ningechagua 6013 kavu kuliko 7018 iliyolowa, na kuongeza urefu wa mchomeleo.

Tufe sasa. Kukereza tufe ndiyo sehemu inayomtamanisha kila mwenye mashine ya kukerezea. Ni mviringo kamili, linang'aa, unaweza kuliweka sebuleni. Kipenyo ni suala la kwanza: tufe la milimita 50 na tufe la inchi 2, yaani 50.8, yanaonekana pacha, na matela yanafika bandarini kutoka nchi zinazotumia hili na zinazotumia lile. Tufe dogo kwenye kikombe kikubwa kilicholika linaweza kuchomoka kwenye shimo. Pima kikombe, soma maandishi yake, usikisie. Hilo ni dogo. Suala kubwa ni shingo.

Tarehe 8 Mei 1842, ekseli ya treni ilivunjika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu kwa makumi wakafa. Ekseli hiyo haikuwa imezidiwa uzito siku hiyo kuliko siku nyingine. Miaka ya baadaye August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, alizungusha ekseli kwenye mitambo kwa muda mrefu na kuonyesha kwamba chuma huvunjika kwa mzigo mdogo sana kuliko uwezo wake, mradi mzigo huo unarudiwa mara za kutosha. Huo ndio uchovu wa metali. Unaanzia kwenye mchubuko au kwenye kona kali. Shingo ya tufe la tela ni kona, na kila shimo la barabara ni mrudio. Fundi wa kukereza anapenda bega kali, lenye pembe ya nyuzi 90, kwa sababu linapendeza machoni. Shingo inataka mviringo mpana, uliolainishwa, usio na alama ya kisu.

Naweza kukereza mviringo huo. Nisichoweza ni kuthibitisha. Kanuni namba 55 inataka kiunganishi kijaribiwe kwa mizigo ya kurudiarudia mara milioni 2 bila ufa. Mashine ya kufanya hivyo siwezi kuwa nayo, na tufe moja nililolikereza kwa chuma cha kupimwa kwa cheche haliwezi kuniambia litakatika lini. Kwa hiyo kigezo changu cha mgawanyo kikawa hiki: kile ambacho nguvu zake naweza kuzihesabu na kuzikagua kwa mikono yangu, nitengeneze, kile ambacho nguvu zake zinajulikana kwa majaribio ya kiwandani tu, ninunue. Mkono, ala, boriti ya kuvuka inayoibeba ala, na mabamba ya pembeni yanayoifunga boriti kwenye chasisi, yakaangukia upande wa kwanza. Tufe na bolti zikaangukia upande wa pili. Tufe lililonunuliwa ni lile lenye uzito unaoruhusiwa uliogongwa juu yake, na nililichukua dukani baada ya kulipima kwa venia mbele ya muuzaji, ambaye alidhani namtania.

Bolti nazo zina usomaji wake. Bolti ya daraja la 8.8 ina namba hiyo kichwani pamoja na alama ya mtengenezaji. Kichwa kitupu maana yake ni chuma laini, hata muuzaji aape. Bolti nane za M12, nne kila upande, zilipita kwenye matundu ambayo kiwanda kilikwisha kuyaweka kwenye chasisi. Sikuchomelea chochote kwenye chasisi, kwa sababu joto lingeidhoofisha hapo hapo na kumwachia ufa mwenye gari wa kesho.

Watu hudhani bolti inazuia mabamba yasiteleze kwa kusimama katikati yao. Kazi yake hasa ni kubana. M12 ya 8.8 ikikazwa kwa nyutoni-mita kama 80, kwa spana yenye kipimo, inabana kwa takriban kilonyutoni 37. Msuguano wa chuma kwa chuma, hata tukiupa makadirio ya unyonge ya 0.15, unatoa kilonyutoni 5.5 kwa kila bolti, na 44 kwa zote nane, mara 3 ya ile D. Msuguano huo unataka chuma kigusane na chuma, kwa hiyo rangi ilikwanguliwa kwenye nyuso zinazokutana. Tena unataka chasisi isijikunje inapobanwa, maana nyuma imefungwa kama sanduku na ndani yake ni tupu. Hapo mashine yangu ya mezani ikapata kazi ya maana: bushi nane za kukaa ndani ya chasisi, bolti ikipita katikati, zilizokerezwa zikalingana urefu kwa sehemu ya kumi ya milimita. Zikitofautiana, ndefu inabeba peke yake. Ziliingizwa kwa nyuma, ncha ya chasisi ilipo wazi, zimening'inizwa kwenye waya uliopindwa, ukichungulia kwa tochi kwenye tundu mpaka bushi ikae mbele yake. Kazi hiyo ilikula muda kuliko ala nzima.

Kabla ya rangi ulikuja mtihani. Bomba la maji la inchi 3, lenye urefu wa mita 2.5 nje ya mdomo wa ala, lilivalishwa juu ya nondo likakazwa kwa kabari. Vijana wawili wenye jumla ya kilo 160 wakaning'inia mwishoni. Hiyo ni kilonyutoni-mita 3.9, ileile ya breki. Springi za gari zililala, kwa hiyo kupima kutoka ardhini kusingeleta maana. Rula ilifungwa kwenye chasisi, alama ikawekwa kwenye mkono, na kilichoangaliwa ni kama alama inarudi palepale vijana wakishuka. Ilirudi.

Kisha mafuta ya taa na chaki, mbinu ya zamani ya karakana za reli. Mchomeleo unapakwa mafuta ya taa, unaachwa, unafutwa mpaka ukauke, kisha unapakwa chaki iliyokorogwa. Penye ufa mafuta yaliyojificha hurudi juu na kuchora mstari. Kona moja ya chini ya ala, mwisho wa mchomeleo ambapo rodi ilikatishwa ghafla, ilichora mstari wa urefu wa punje ya mchele. Ikasagwa mpaka chuma safi, ikachomelewa upya kwa kurudisha rodi nyuma kidogo kabla ya kuikata, ikapakwa chaki tena. Safari hii hakikuonekana kitu.

Rangi ilikuja mwisho, maana rangi inaficha nyufa kuliko inavyozuia kutu. Iliyotangulia ni ya zinki, kwa kuwa mkono huu utaingia baharini kila boti inaposhushwa. Ala ina tundu la kutolea maji, milimita 8, limetobolewa chini. Upande wa chini ndio unaogandamizwa tufe linaposukumwa chini, na juu ndiko kunakovutwa. Ufa hupenda kuanzia panapovutwa, na tundu lolote lingeufungulia mlango. Baada ya safari ya kwanza ya Kunduchi bolti zote nane zilikazwa tena. Mbili zilisogea kidogo, sita hazikusogea.